Yaliyosemwa Chini ya Blanketi

Wakati wa kipupwe, upepo wa kijiji cha Ihanja haupigi hodi. Unaingia kwenye kanga, unaingia kwenye mifupa, na akina mama waliotoka kupiga alizeti wanatembea wameinama kama wamebeba magunia hata wakiwa mikono mitupu. Ndiyo maana kila Jumatano alasiri walielekea kwa Damari.

Damari hakuwa mganga. Ukimwita mganga alikukatalia palepale: "Mimi ni Mlutheri, nachemsha majani tu." Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ua wa mabua ya mtama, na ndani ya ua mafiga matatu na chungu kikubwa. Majani ya mkaratusi, ya mlimao, na mchaichai. Mama anakaa kwenye kigoda, chungu kinaletwa mbele ya magoti yake, anafunikwa blanketi zito la kijivu mpaka chini, anatoka jasho. Akishafunuliwa, Damari anachota kata ya maji kwenye mtungi uliolala nje kwenye upepo, anammwagia kichwani. Pwaa! Wapo waliopiga ukelele hadi kuku wakatawanyika. Halafu vicheko, na usiku usingizi wa mtoto mchanga.

Lakini si majani yaliyowaleta. Majani hata kwao yapo. Lililowaleta ni blanketi. Kwa Damari, aliyefunikwa anaruhusiwa kusema lolote lililomkaa moyoni, kwa Kinyaturu cha nyumbani, na walio nje hawajibu, hawaulizi, hawampi pole. Maji yakishamwagwa, limekwisha. Mama yake Damari alifanya hivyo, na bibi yake pia. Hakuna neno lililowahi kuvuka ule ua wa mabua.

Mpaka alipokuja Deo.

Deo alikuwa mtoto wa kaka yake Damari, amezaliwa Dodoma na kukulia hukohuko. Alikuja na lori la mbao, akajenga kibanda kando ya barabara kuu, akaweka ndani jiko la pipa lenye mawe juu yake. Nje akaweka simtanki iliyokatwa katikati, akaijaza maji na mabonge ya barafu. Akaandika kwenye ubao: SAUNA NA MAJI BARIDI, PUMZISHA MWILI NA AKILI. Jumamosi yalisimama magari kutoka mjini Singida na hata Dodoma. Watu wazima na heshima zao walikaa kwenye moto hadi wakawa wekundu machoni, wakatoka wamefunga mataulo, wakajitumbukiza kwenye barafu wakipiga yowe. Watoto wa Ihanja waliacha kuchunga wakaja kutazama. Hebu fikiria, mtu ana nyumba yenye blanketi, anasafiri kuja kutafuta baridi!

Deo alimpenda shangazi yake. "Shangazi, hii yako ndiyo sauna yenyewe," alimwambia huku akinywa uji wake. "Mmeanza zamani, hamjui tu kujitangaza." Damari akacheka. Jumatano moja Deo akaomba kuona. Mwanaume haingii mle, akaambiwa, basi akasimama nje ya ua. Damari alimwona na simu mkononi, lakini siku hizi nani hana simu mkononi?

Wiki iliyofuata, Damari alikuwa kwenye foleni ya maji bombani. Jesca, mke wa Godfrey, mmoja wa akina mama wa Jumatano, alipofika na ndoo yake, vijana waliokaa juu ya bodaboda zao wakalia: "Meee! Meee!" Mmoja akauliza, "Mama Mbuzi, jana mume gani amekufunika, yule mwenye ndevu?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Damari akageuka. "Mna wazimu? Mnamlilia mtu mzima kama mbuzi?"

Wakazidi kucheka. Jesca akaweka ndoo chini. Kila siku alikuwa akipiga goti kidogo na kusema shikamoo. Siku hiyo hakumwamkia.

"Umeniuza, mama," alisema. "Mwingine angeniuza ningelia. Wewe nimekosa hata la kulia."

Akaondoka na ndoo tupu.

Ilikuwa Lucy, jirani, aliyemwonyesha. Video ilianza na moshi ukipanda juu ya ua wa mabua, kwa kweli ilipendeza. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyefunikwa. Kwa Kinyaturu Jesca alikuwa anasema kwamba Godfrey akilewa anamfungia nje, kwamba usiku wa baridi analala zizini, kwamba amegundua mbuzi wana joto kuliko mume wake, na afadhali wao hawamtukani. Chini ya video Deo ameandika: Sauti za uponyaji za mababu zetu. Karibuni.

"Iko kwenye simu zote za kijiji," Lucy alisema bila kumtazama. "Mama Damari, wenzangu wanasema Jumatano hawaji. Na mimi, usinielewe vibaya, sitakuja."

Damari hakula siku hiyo. Alikaa akilitazama blanketi kwenye kamba, likipigwa na upepo, na kifua chake kikawaka kama kile chungu kimehamia ndani yake. Nyumba ingeanguka, angeijenga upya. Mabua yangeoza, angekata mengine. Lakini mwanamke wa Ihanja akishabeba jambo lake, sasa alipeleke wapi?

Jumamosi akajifunga kanga kiunoni, akaenda barabarani.

Alianza kuisikia akiwa mbali. Deo alikuwa ameweka spika kubwa ya betri juu ya gogo, na ndani ya spika alikuwa Jesca. Amemwekea na filimbi nyuma yake. Wageni walikuwa wametoka kwenye kibanda, wamekaa na mataulo wamefumba macho, na baba mmoja mnene alikuwa ndani ya simtanki, barafu zimemzunguka shingoni, anatikisa kichwa taratibu kufuata sauti. Kando ya barabara, muuza mahindi ya kuchoma alikuwa amejiziba mdomo kwa kucheka.

"Shikamoo shangazi!" Deo alimkimbilia. "Umekuja siku nzuri!"

Shikamoo ikabaki hewani. Deo akasubiri marahaba, hakuiona.

"Hiyo ni nini?" Damari aliuliza.

"Si ile sala yenu? Wateja wanaipenda sana. Inatuliza."

"Sala!"

"Au wimbo. Shangazi, mimi Kinyaturu sijui, baba hakunifundisha. Lakini mtu akisikiliza anaona kabisa kuna nguvu mle."

"Meee!" akalia muuza mahindi, ameshindwa kujizuia. Wageni wakacheka pia, kwa adabu, bila kujua wanacheka nini.

Damari akaenda hadi kwenye simtanki. "Baba, unasikia raha?"

"Sana, mama," alisema yule mnene, meno yakigongana.

"Huyo anayekupa raha anasema mume wake anamfungia nje kwenye baridi hii. Anasema analala na mbuzi zizini. Wewe endelea kutulia."

Yule baba akafumbua macho. Akaanza kutafuta pa kushika ili atoke, na barafu zikawa zinamteleza mikononi.

"Shangazi, taratibu, watu wanakuangalia," Deo alinong'ona.

"Waniangalie! Si ndiyo kazi yako, watu waangalie?"

"Sikujua anasema nini. Haki ya Mungu sikujua."

"Ungeuliza! Mdomo wa kunywea uji wangu unao, wa kuulizia huna?"

Akachukua ndoo, akachota maji ya barafu simtankini, akafungua mlango wa kibanda kilichokuwa kitupu, akayamwaga kwenye moto kwa mbali. Jiko likapiga kelele kama nyoka aliyekanyagwa. Moshi na majivu vikatoka mlangoni, wageni wakakimbilia magari yao na mataulo yao. Ndoo ya pili akaimwagia spika. Sauti ya Jesca ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Muuza mahindi alipomwona anachota ya tatu huku akimtazama yeye, akaacha jiko lake akakimbia.

Alirudi nyumbani. Moto wa Deo ulizimika. Wake haukuzimika.

Jumatano akawasha mafiga kama kawaida. Maji yakachemka, majani yakanukia, kigoda kikakaa kitupu. Aliongeza kuni. Akaongeza tena, kwa hasira, kana kwamba anamkomoa mtu.

Kisha akasikia mbuzi.

Safari hii walikuwa mbuzi wa kweli. Jesca alikuwa anakuja na njia ya katikati ya kijiji, kichwani furushi, mkononi kamba za mbuzi wake. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamlilia tangu stendi, na mbuzi wakawa wanawajibu, na yeye hakugeuza shingo. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuwa Lucy na wanawake wengine wa Jumatano.

"Godfrey amesema nikaishi na mbuzi wangu," Jesca alisema alipofika. "Nimewaleta. Nina pa kuwafunga?"

Damari akazipokea kamba, akazifunga kwenye nguzo ya ua. Akachukua blanketi.

"Hilo weka pembeni," Jesca akasema. "La nini? Si wameshasikia wote?"

Akakaa kwenye kigoda, uso wazi mbele ya mvuke, akasema. Hakunong'ona. Alimtaja Godfrey kwa jina, akayasema yale ya zizini na mengine ambayo video haikuwa nayo, kwa Kinyaturu kwanza, halafu kwa Kiswahili, ili hata mpita njia asikose. Wanawake walisimama mlangoni mwa ua. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyetoa pole. Barabarani, meee za vijana zikapungua, zikaisha.

Damari alikuwa ameshainua kata ya maji aliposikia hatua nje ya mabua.

"Shikamoo, shangazi." Alikuwa Deo. "Ile video nimeifuta."

"Umeifuta kwako," Damari alisema bila kugeuka. "Kwenye masikio ya watu utaifuta na nini?"

"Shikamoo, shangazi," Deo akarudia, safari hii kwa sauti ya mtoto.

Damari akammwagia Jesca maji kichwani, pwaa, akachota mengine. Shikamoo ya Deo akaiacha hukohuko nje ya ua.