Jembe Nyuma ya Mlango

Watu wanaonijua husema mimi ni mtu wa kutunza siri. Nikisikia hivyo huwa naangalia chini. Siri pekee niliyoitunza vizuri maishani ni ya aibu yangu mwenyewe. Za wenzangu nilizimwaga kama maji ya kuoshea vyombo.

Nilikuwa opereta wa simu katika posta ya mji mdogo, njia ya kwenda Geita, miaka ya sabini ikielekea mwisho, sukari kwa foleni na sabuni ya kusikia tu. Simu zenyewe zilikuwa za kuhesabu: misheni, zahanati, shule, duka kubwa, ofisi ya ushirika. Ukitaka kuongea unazungusha mkono wa simu yako, mimi nakuuliza unamtaka nani, nachomeka waya. Nikishaunganisha nilitakiwa nijitoe. Nilitakiwa! Thubutu! Msichana wa miaka ishirini na miwili umempa masikio ya mji mzima, halafu umwambie ayazibe?

Kila mwisho wa mwezi alikuja mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi zahanati na kuchemsha sindano. Mumewe aliaga anakwenda machimbo ya dhahabu kwa wiki tatu, na sasa ilikuwa masika ya nne. Mama yule alilipia dakika tatu kupiga duka moja huko machimboni, walikonunua unga wachimbaji, na ujumbe wake haukubadilika: "Akipita hapo, mwambieni jembe lake liko palepale nyuma ya mlango." Siku moja nilimwuliza, mayu, kwa nini jembe? Akanieleza kwamba waligombana asubuhi ile ya kuondoka, akamwambia mumewe kwa hasira kwamba akienda asirudi, na jembe lake atalitupa. Hakulitupa. Hakulilimia wala hakumwazima mtu. "Hayo nimekwambia wewe tu, ng'wanone," akasema. Kwetu Usukumani hilo ni neno la mama kwa mtoto wake, kama mayu lilivyo la mtoto kwa mama.

Siku za mnada wa ng'ombe, ofisi ya ushirika ilifungua kipaza sauti. Mtangazaji alikuwa kijana wa Kizaramo, kaletwa kutoka pwani, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alianza kwa matangazo ya kawaida, ng'ombe aliyepotea, chanjo, bei ya pamba. Kisha akabuni mchezo. Alimpigia mtu simu huku kipaza sauti kakiweka karibu na mkonga wa simu, mnada mzima ukasikia. Mwenye duka aliambiwa mzigo wa sabuni umefika ushirika, akaja mbio na magunia matupu begani. Mwalimu mkuu alisimamishwa wima dakika kumi akimngojea afisa ambaye hayupo. Jamani, tulicheka! Mimi nilicheka hadi hedifoni ikanivuka. Na nani alikuwa akimwunganishia? Ni mimi. Nani alikuwa akimtajia wa kumpigia? Ni mimi pia. Alikuwa akiegemea kaunta yangu na kuniuliza, "Dada, leo tumcheke nani?" Nilimpenda, basi, nisizunguke. Na ukimpenda mtu unatafuta cha kumpa. Nikampa jembe.

Dirisha langu lilitazama uwanja wa mnada, kwa hiyo nilisikia kila neno mara mbili, kwanza sikioni, kisha likirudi kutoka kwenye spika. Nilimwunganishia zahanati, naye akaikwaruza sauti yake kama mtu aliyemeza vumbi la mashimo. "Mimi nimerudi. Niko mnadani. Jembe langu bado liko nyuma ya mlango?"

Yule mama akauliza, taratibu, "Umekula?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakusikia, zahanati ilikuwa mbali kidogo na kijana alikuwa ameziba mdomo wa simu kwa kiganja. Akaendelea. Jembe lipo. Aje tu, hata mikono mitupu, yeye hahitaji dhahabu. Yale maneno ya asubuhi ile yalikuwa ya hasira, anaomba radhi. Na kama ni kweli wanavyosema watu kwamba kule ana mke mwingine, aje naye, nyumba itawatosha.

Hapo ndipo kicheko kilipopasua uwanja. Wanaume waligongeana viganja. Kisha kikaanza kufa, upande mmoja kwanza, nadhani upande wa kina mama, na mmoja wao akapiga ukelele, "Zima! Zima hicho kidude, mwanaharamu wewe!" Mkono wangu ulikuwa umeshika waya. Ningeweza kuuchomoa tangu neno "umekula". Sikuuchomoa, nilitaka kusikia mwisho wake.

Mwisho wake ni kwamba alikuja mnadani. Alikuwa amejifunga kanga safi. Alitembea katikati ya watu akiwatazama usoni mmoja mmoja, akimtafuta mumewe, na watu wakimpisha.

Kesho yake kulikuwa na baraza ndani ya ghala la pamba. Sijawahi kuona watu wenye hasira kiasi kile, na walikuwa walewale waliogongeana viganja. Kijana alijitetea kwa utani. Mzaramo na Msukuma ni watani, alisema, mtani anaweza kumfanyia mtani mzaha hata msibani na asishtakiwe. Wapo waliotikisa vichwa wakikubali, maana ndivyo mila ilivyo. Ndipo akasimama mama aliyekuwa akiuza tumbaku mnadani, mdomo wake wembe. "Utani ni kupokezana," akasema. "Wewe ukinitukana, nami nakutukana, tunacheka wote. Huyu mwenzetu angekujibu kwa kipaza sauti kipi? Na nyie mnaotaka kumpiga, meno yenu nje jana niliyaona."

Wakahukumu viboko kumi na viwili na kufukuzwa kazi. Mwanamume mmoja akapendekeza achapwe mbele ya kipaza sauti ili mnada usikie vizuri. Watu wakacheka! Walicheka kicheko kilekile, na wazo likapita.

Alistahili? Nimejiuliza miaka yote. Alistahili, ndiyo. Lakini mzigo ule ulikuwa wa watu wengi, akatwishwa mmoja.

Kabla hawajafunga, yule mama wa zahanati mwenyewe akaomba neno. Alisema hataki mtu apigwe, anataka jambo moja tu, kujua nani alimwambia kijana habari za jembe. Nilikuwa nimekaa juu ya robota la pamba. Kijana alinitazama kidogo tu, kisha akasema, "Nilisikia sokoni." Yule niliyemchongea mwanamke mwenzangu kwa ajili yake alinificha, nami nikakubali kufichwa. Mwanamke alikaa chini, hakumwangalia yeye wala mimi.

Viboko nilivihesabu nikiwa kazini, kupitia dirisha.

Ilipita kama miezi minane. Mama yule hakuja tena kupiga simu. Mchana mmoja ikaingia simu ya mbali, yenye kuvuma, kutoka lile duka la machimboni. Mwanamume, sauti yake nyembamba ya mgonjwa, si ya kukwaruza hata kidogo. Alimtaka mama wa zahanati. Nilizungusha, akapokea mwenyewe.

"Mayu, kuna simu yako kutoka machimbo."

"Sitaki."

Nikarudi kwa mwanamume, nikamwambia anasita. Akakohoa, akasema, "Nimeambiwa salamu zake hapa, zote. Mwulize kama jembe langu bado liko nyuma ya mlango."

Mungu wangu. Duniani kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemtambulisha mume yule kwa mkewe, na ndilo nililoliharibu. Lakini mpumbavu hakosi matumaini, nikalipeleka. "Mayu, anauliza jembe."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Na wewe pia unanicheka," akasema, akakata.

Ningeweza kumpigia tena. Zahanati ilikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja, ningeweza hata kukimbia. Nilijua maneno ya kumwambia: mayu, hii ni ya kweli, naijua ya uongo kwa sababu niliitengeneza mimi. Yalikuwa mafupi. Sikuyasema. Niliwaza kazi yangu, viboko, baba yangu kule Ushirombo akinyooshewa kidole akitoka misa. Dakika tatu zikaisha. Nikamwambia mwanamume, "Ameshaondoka."

"Basi mwambie nilipiga," akasema. Kisha akaongeza, "Ahsante, dada." Hakupiga tena.

Wiki iliyofuata mama alikuja kununua stempu ya zahanati. Hakukuwa na mtu mwingine. Aliilamba, akaibandika kwenye bahasha, akaisugua kwa kidole gumba muda mrefu kuliko inavyohitaji stempu.

"Ile simu ya juzi," akasema. "Nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe unayejua. Nayo ilikuwa mzaha?"

Alikuwa akinitazama usoni kama alivyowatazama watu wa mnada. Nilijua kwamba akijua ni ya kweli atauliza kwa nini sikumwita tena, na kutoka hapo atafika kwenye jembe.

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Ilikuwa mzaha."

Mabega yake yalishuka. "Nilijua," akasema. "Ningepokea wangenicheka tena." Akanipigia makofi mawili madogo ya shukrani, kama wanavyofanya wazee wetu. "Wabeja, ng'wanone," akasema, akachukua bahasha yake akaenda.