Siku Waliyomwimba Fundi

Juzi mjukuu wangu, nesi hapa Tooting ughaibuni, alinipeleka kanisani kusikiliza kwaya ikiimba zaburi, kwa sauti walizotunga Waitaliano wa kale. Baridi ya mle ndani na goti langu hili, tuyaache. Waliposema "de profundis" nikacheka peke yangu.

Baba yangu alikuwa fundi. Alikuwa ameziba paa la kanisa letu kule nyumbani, na wenye maneno walishamwita Fundi Chujio. Alasiri moja tukiwa ibadani mvua ikaanza, ikanukia vumbi na bati, watu wote wakatazama juu. Hapo kwaya ya padre wetu Mwitaliano ikaimba neno lile lile. Mimi nikasikia "fundi", tena wazi kabisa!

"Mama, wanamwimba baba!"

"Kaa chini, we mtoto!"

Wapi! Nikapiga vigelegele, kanisa zima likacheka, padre naye.

Siku hizi najua ni Kilatini, maana yake "toka vilindini". Lakini paa halikudondosha hata tone, na tulipotoka baba aliniinamia akaninong'oneza, "Wamechelewa kuniimba, ila wameimba vizuri."