Migongo Iliyobaki kwenye Masizi

Nilimdanganya mchungaji. Aliponiuliza kama nimewahi kusafisha nyumba iliyoingia moshi, nilisema ndiyo, mara mbili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetazama video tu. Kanisa letu dogo hapa Kindu lilikuwa na ukuta mweusi tangu vita, kabla sijazaliwa, na Jumapili kulikuwa na ubatizo. Ukuta usipotakata, kila mtu angejua kwamba mimi si fundi.

Nilianza na maji ya sabuni. Masizi yakateremka kama wino, yakaingia ndani ya chokaa. Kadiri nilivyosugua ndivyo yalivyozidi kuzama. Nikaketi sakafuni, nikang'ata kucha.

Mama mmoja wa kwaya aliyekuja kufagia akanikuta hapo.

“Weye mutoto, nani alikufundisha kuosha masizi na maji?”

“Niliona mu telefone, mama.”

“Na iyo telefone, iliisha kupika wapi?”

Akaenda kwake, akarudi na bugali wa muhogo uliolala, mgumu. Akaufanya donge, akalibingirisha ukutani palipokuwa bado pakavu. Donge likawa jeusi, ukuta ukaanza kung'aa.

Tulipofika usawa wa kiuno, niliona madoa meupe, mapana, yamejipanga safu. Nilidhani chokaa imebanduka.

“Iyo njo migongo,” alisema.

Wakati wa vita watu walijificha humo na kupika ndani, milango imefungwa, maana moshi ukionekana nje wenye bunduki wangewafuata. Waliketi wakiegemea ukuta, kila mmoja mahali pake, siku baada ya siku. Moshi ukapaka kila kitu isipokuwa nyuma yao. Mama akaketi, akaegemea doa mojawapo. Lilimtosha kabisa.

Nililiokota donge la bugali. Nilimwambia tuache, nitamweleza mchungaji kila kitu, ukuta ubaki hivyo.

“Ubaki vile juu ya nini? Mi nilitoka humu. Leta bugali.”

Nikampa. Akafuta masizi pembeni mwa bega lake, taratibu, mpaka sikuona tena bega la doa linaishia wapi. Pote palikuwa peupe.

Jumapili michirizi yangu ya maji bado ilionekana kwenye kona, na mchungaji alikwisha kujua uongo wangu. Nilipata nafasi kwenye benchi la ukutani. Ibada nzima sikuthubutu kuegemea.