Njia ya Baiskeli ya Kwabonde

Siku waliyomzika Masoud, aliyeshika jeneza upande wa mbele tangu nyumbani hadi makaburini, akikataa kupokewa, alikuwa Nasri. Hakuna aliyeshangaa. Nasri alifiwa na mama yake angali mchanga, na Bi Hasina, mama yake Masoud, ndiye aliyemchukua akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Walinyonya ziwa moja, wakala sahani moja, wakachapwa chuo kimoja cha Kurani. Watu wa Kwabonde, mtaa ulio pembezoni mwa jiji la Tanga, hawakuwahi kuwatenganisha.

Masoud aligongwa na lori jioni moja akirudi kazini kwa baiskeli. Barabara ya Kwabonde wakati huo ilikuwa nyembamba, lami imemeguka kingoni, na mwenye baiskeli akisikia honi nyuma yake hakuwa na pa kukimbilia ila mtaroni. Masoud hakuwahi kufika mtaroni.

Mkewe, Mwanamkasi, alikaa eda akaimaliza. Alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa kibaraza cha mbao ambacho Masoud alimjengea mbele ya nyumba, kinachotazama barabara. Baiskeli aliijua tangu usichana, kama wanawake wengi wa Tanga: baibui limekusanywa vizuri lisiingie kwenye mnyororo, majora ya vitambaa yamefungwa kwenye keria. Lakini siku aliyotoka eda na kutaka kwenda Ngamiani kununua nyuzi, alitia mguu kwenye pedeli, akautoa. Akaikokota baiskeli kwa miguu kwenda na kurudi, watu wakimpita wanamsalimia, naye anaitikia bila kuwaona.

Nasri alimkuta anaingia uani, bado ameshika usukani.

"Shemeji, keti kwanza," alimwambia. "Nina neno. Serikalini kuna fungu la usalama wa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Huku halijafika kwa sababu hakuna aliyelidai. Mimi nagombea udiwani. Nikipata, njia ya kwanza ya baiskeli itapita hapa, mlangoni kwa ndugu yangu. Naapa kwa maziwa niliyonyonya humu ndani."

Bi Hasina alikuwa barazani anachambua mchele. Alisikia kiapo kile, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mwanamkasi hakuwa msemaji. Hata hivyo alimpigia Nasri kampeni kama aliyekuwa akijitafutia riziki. Alikwenda kwenye vikundi vya akina mama, kwenye arusi, kwenye foleni ya bombani. Hakutia chumvi. Alisema tu mumewe alikufaje, na kwamba mtu huyu ameahidi. Wanawake wa Kwabonde walimpa Nasri kura, na wengi wao walikuwa wakimpa Mwanamkasi.

Baada ya Nasri kushinda uchaguzi palikuwa na mkutano katika uwanja wa shule. Mhandisi alitundika mchoro ukutani, ukapendeza macho: njia ya baiskeli kila upande, njia ya miguu pembeni yake, kivuko chenye milia mbele ya shule, matuta. Fedha zimeombwa, alisema, na dalili ni nzuri. Ila vibanda na vibaraza vyote vilivyomo katika hifadhi ya barabara viondoke, tena mapema, na fidia haipo.

Uwanja ukavuma. Praxeda akasimama. Huyu alikuwa mama ntilie, mjukuu wa watu walioletwa kukata mkonge zamani, Mkatoliki wa kutokosa misa, na rafiki wa Mwanamkasi tangu binti yake na Sabra, binti wa Mwanamkasi, walipoanza shule pamoja. Banda lake lilikuwa chini ya mwarobaini uliopandwa na baba yake.

"Sasa mimi nitapikia wapi?" aliuliza. "Mbinguni?"

Watu walicheka, lakini walikuwa wakimwangalia Nasri. Aligeuka taratibu, akanyoosha mkono pale Mwanamkasi alipokaa.

"Katika mtaa huu nani ana haki ya kusema kumshinda shemeji yangu?"

Mwanamkasi akainuka. Hakujiandaa. "Kibaraza changu alikijenga Masoud kwa mikono yake," alisema. "Nitakivunja mimi. Kama kitaokoa mtoto wa mtu mmoja, Masoud atakuwa radhi."

Na alikivunja. Asubuhi iliyofuata alishika nyundo mwenyewe, akawa anang'oa misumari na kuipanga kwenye kopo kana kwamba itatumika tena. Praxeda alikuja kusimama karibu, mwiko bado mkononi.

"Mama Sabra, una hakika?"

"Mtu aliyemlaza mume wangu mwanandani mwa kaburi hawezi kunidanganya."

Praxeda alitikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Wiki ile ile banda lake lilikuwa chini, na mwarobaini ukaangushwa kwa msumeno wa mashine. Wengine walipoona hao wawili wametii, nao wakabomoa.

Mitambo ilikuja. Mwanamkasi alihamishia cherehani chumbani, penye giza, na wateja wa njiani wakapungua kwa sababu hakuna aliyemwona tena. Hakulalamika. Aliwapelekea vibarua maji ya kunywa, akatazama barabara ikipanuka hadi pale alipokuwa akikaa. Lami nyeusi ilifika karibu na ukuta wake. Kisha ikapigwa rangi: mstari mweupe katikati, na mmoja kila ukingo, ule wa upande wake ukipita hatua chache tu kutoka mlangoni. Kisha vibarua wakaanza kupakia zana.

Alimfuata msimamizi wao, kijana aliyeitwa Edgar.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njia ya baiskeli mnaanza lini?"

Edgar alimtazama kama aliyeulizwa habari ya nchi nyingine. "Njia ya baiskeli haimo, mama. Hii ni barabara ya magari, imepanuliwa ili malori yapishane. Zile njia ziliondolewa kabla hatujapewa kazi."

"Ziliondolewa na nani?"

"Mimi natekeleza tu. Lakini diwani wenu anajua. Alikuwamo kikaoni."

Mwanamkasi hakurudi ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Nasri, kwa miguu, kanga ya kazi mwilini na futi ya kupimia bado shingoni. Mke wa Nasri alimletea maji ya ukwaju, hakuyagusa. Nasri alitoka chumbani akitabasamu, alipomwona uso tabasamu likamkauka.

"Ulijua?" Mwanamkasi aliuliza.

Nasri aliketi. "Shemeji, fedha zilikuja pungufu. Wenye malori nao wanalipa ushuru, walitaka upana. Tungeng'ang'ania baiskeli, mradi wote ungekwenda kata nyingine. Nilichukua kilichowezekana."

"Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza ulijua lini."

Mke wa Nasri aliondoka barazani bila kuambiwa.

"Kabla ya ule mkutano wa shuleni," Nasri alisema hatimaye. "Siku chache kabla."

"Na mchoro?"

"Mchoro ulikuwa wa zamani." Akashusha sauti. "Pale pangevunjwa kwa nguvu, shemeji. Greda na askari. Nilitaka yaishe kwa heshima. Usingevunja wewe, nani angevunja kwa hiari?"

Kumbe Mwanamkasi pale shuleni hakusimamishwa aseme lake, alisimamishwa awaaminishe wengine. Alinyanyuka akaondoka, na Nasri hakumsindikiza.

Praxeda alikuwa amejibanza kwenye uchochoro nyuma ya msikiti, sufuria mbili juu ya mafiga, hakuna kivuli, wateja wa kuhesabika. Mwanamkasi alimwambia yote, bila kujitetea. Praxeda aliendelea kukoroga maharage mpaka alipomaliza.

"Mimi Nasri sikumwamini hata siku moja," alisema. "Nilikuamini wewe."

Hakumfokea. Angemfokea, ingekuwa nafuu.

Kwenye mkutano wa kata uliofuata, Nasri alisimama kuitaja barabara miongoni mwa mafanikio. Mwanamkasi aliomba nafasi, akaeleza mbele ya watu wote alichokisikia barazani kwa diwani. Nasri alisubiri amalize, kisha akasema kwa upole mkubwa, "Ndugu zangu, shemeji yangu bado ana msiba. Tumvumilie." Baadhi waliguna. Wengine walitazama chini. Mwenyekiti akaita ajenda nyingine.

Baada ya hapo mzee Haji, muuza kahawa, alipigwa na pikipiki akivuka, akavunjika mguu. Magari sasa yalikuwa yakipita kwa kasi ambayo lami mbovu ya zamani isingeyaruhusu. Mwanamkasi na wanawake kadhaa walikwenda ofisini kwa mhandisi wakakaa kwenye ngazi kutwa nzima, na mwisho wakapewa matuta mawili mbele ya shule. Njia ya baiskeli waliambiwa isubiri bajeti.

Nasri hakuacha kuja Ijumaa kumsalimia Bi Hasina, mkononi ana changu au tasi. Bikizee alimpenda vilevile, na Mwanamkasi hakuthubutu kumvunja moyo mtu wa umri ule. Alimpokea Nasri samaki, akawaparua, akawapika, yeye mwenyewe akala ugali kwa mboga za majani. Neno hakumpa.

Praxeda alihama. Alikwenda Maramba kwa dada yake Imakulata, kulima. Hakuaga. Mwanamkasi alimshonea gauni la kitenge, akikisia vipimo kwa kumbukumbu, akalituma kwa kondakta wa basi. Majuma yakapita. Kisha simu ikalia.

"Gauni limefika," Praxeda alisema. "Mikono inabana kidogo."

"Lete niitanue. Au nije mimi."

Nyuma ya Praxeda walisikika kuku.

"Nasri bado ni diwani?"

"Bado."

"Haya. Mikono nitaitanua mwenyewe," Praxeda alisema, akakata simu.