Swafiya na Mkono wa Gauni Uliogeuzwa Mara Tatu

Pale mtaa wa Niboye kuna fundi cherehani, Swafiya, anayeshona kwa kasi hata inzi hupita mbali na kibanda chake wasije wakashonwa mbawa. Anayedhani natia chumvi hajamwona siku ya kuamkia Idi.

Ana miaka arobaini. Shule aliiacha akiwa binti, na mwaka huu akaapa kuufanya mtihani wa sekondari. Hesabu zote alizimeza, ila vipeo vya sehemu vilimkwama kooni. Akiulizwa kikoa, yaani namba zipi zinaruhusiwa kuingia, alizifukuza hasi zote kama kuku jikoni.

"Alhamisi uje ubaoni," akasema mwalimu Viateur wa darasa la watu wazima. "Ukikosa tena, jina lako siliandikishi mwaka huu."

Alhamisi asubuhi Mukasine, mteja wake, akaja kuchukua gauni lake, akacheka hadi akashika ukuta.

"Yewe Swafiya! Mkono moja iko ndani nje! Unanivalisha kama mchawi?"

"Tulia, dada." Swafiya akaufumua, akaugeuza. Akaugeuza tena, na tena. Akaganda, pini mdomoni. Mara mbili, unarudi ulivyokuwa. Mara tatu, umepinduka!

"Mukasine, kuzidisha kwa hasi ni kugeuza nguo!"

"Hasi gani? Nipe gauni yangu!"

Swafiya alikwisha kudandia pikipiki, gauni mkononi likipepea kama bendera. Mukasine akapanda nyingine, akimfukuza kwa matusi ya kirafiki.

Ubaoni, x ilikuwa na kipeo cha robo tatu.

"Chini kuna nne," akasema Swafiya, akihema. "Geuza mara nne, nguo inarudi ilivyokuwa. Hakuna namba ikizidishwa yenyewe mara nne itakayozaa hasi. Waingie sifuri na wakubwa wake."

"Theluthi mbili?" akauliza mwalimu.

"Chini tatu. Geuza mara tatu, hasi inapatikana. Wote karibuni!"

Mwalimu akatabasamu kwa hila. "Na nusu hasi?"

Swafiya akaukunja mkono wa gauni, akaukunjua.

"Mbili inafukuza hasi. Na alama ile ya hasi inaishusha x chini ya mstari, ambako sifuri hakai. Basi ni wakubwa wa sifuri tu, yeye mwenyewe abaki nje!"

"Mwandike, mwalimu!" Mukasine akapaza sauti mlangoni. "Tena upesi, anishonee!"

Viateur akaliandika jina. Swafiya akaketi dawati la mbele, akatunga uzi, akaushona mkono ule hapo hapo, darasa zima likimshikia pindo.