Mstari wa Tatu wa Verlyn Tostrud

Verlyn Tostrud wa Duluth hakupenda kitu alicholetewa kikiwa kimeshasafishwa. Kwa miaka kumi na minne alilinda sehemu ndogo ya kiini cha mfumo endeshi, ile inayoendesha kompyuta za kizamani kwenye mizani ya bandari ya madini. Badiliko halikuingia humo bila jina lake.

Februari ikaja baruapepe ya Noelle Thibodeau, asiyemjua. Kila aina ya kompyuta, aliandika, ina jedwali la mistari kumi na sita: programu ikiomba kusoma, kuandika au kuendesha ukurasa wa kumbukumbu, ipewe ruhusa gani. Majedwali yote yanafanana. Katika badiliko analopendekeza ameyafuta, kabakiza moja la kompyuta zote; anaomba jina lake.

Verlyn aliguna. Akachapisha jedwali lake na hilo jipya, akapitisha rula. Mstari wa tatu haukulingana. Akampigia.

"Binti, nani kakutuma kugusa mstari wangu?"

"Sijatumwa, mzee. Wako ndio uliokaa kando. Wenzio ishirini wanaolinda kompyuta nyingine wote wamekosea?"

"Ishirini walionakiliana ni mmoja tu."

"Haya. Na wewe ulinakili kwa nani?"

Alikata simu. Mtu mwenye ulimi mwepesi vile anaficha kitu.

Akaenda gereji, kwenye mashine yake kuukuu kando ya makoleo ya theluji. Desturi yake ilikuwa kupima la zamani kwanza, ndipo jipya. Aliandika programu fupi inayoomba nakala yake binafsi ya ukurasa, iandike bila kusoma, ombi la mstari wa tatu, ambalo karibu hakuna anayeliomba. Kwenye nakala iliandika "samaki". Ukurasa wa asili ulipaswa kubaki ulivyo.

Ukasomeka "samaki".

Akarudia mara tatu. Mkono wa Noelle haukuwa umefika humo. Jedwali la Verlyn mwenyewe lilikuwa likiruhusu kuandika kabla nakala haijatengenezwa, miaka yote hiyo.

Angeweza kuweka jina kwenye badiliko la Noelle na kunyamaza. Kosa lingefutika pamoja na jedwali. Lakini mizani ya bandarini ingebaki na toleo la zamani, na programu moja ingeweza kuharibu hesabu za nyingine. Koti likiwa bado mwilini, akawaandikia wenzake wote: kosa ni langu, lirekebishwe hadi kwenye matoleo ya nyuma. Ndipo akaweka jina chini ya la Noelle.

"Nilidhani utanikatalia, mzee," Noelle akajibu.

"Usifurahi mapema. Nimepima mstari mmoja. Kumi na mitano imebaki, na mistari ya hao ishirini wako."