Mama Chapa na Kitone cha Kijivu

Mtaani walimwita Mama Chapa, ingawa hakujaliwa mtoto. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa na duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, chumba kimoja chenye mlango wa chuma mkabala na ofisi za serikali, na vidole vyake vilikuwa vimekimbia juu ya ile kibodi mpaka nusu ya herufi zimefutika. Mtu mwingine akikaa pale asingeweza kuandika hata jina lake. Yeye aliandika huku amemkazia macho mteja, akimrekebisha bila kuombwa. "Hapa usiseme unaomba kazi yoyote, baba. Watakupa yoyote kweli."

Wateja walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini barua yake ilifika inakotakiwa.

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine ya kopi, Mama Chapa alikuwa na jambo moja la kufanya. Alifungua ile programu ya zamani ya kupigiana simu kwenye kompyuta na kutazama upande wa kushoto, penye majina. Jina alilolitafuta lilikuwa moja tu: Mbio. Pembeni ya jina palikuwa na kitone. Kitone kikiwa cha kijani, mtu yupo. Kikiwa cha kijivu, hayupo. Cha Mbio kilikuwa kijivu jana, juzi, na mwaka uliopita. Mama Chapa alikitazama, akashusha pumzi, kisha akaanza kazi ya watu.

Mbio alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mkubwa wake, na hawakuwa na mwingine. Aliitwa hivyo tangu utotoni kwa jinsi alivyotembea. Ukitumwa naye dukani unarudi unahema. Alikwenda kutafuta maisha nchi ya mbali, akaajiriwa kwenye ghala la mizigo, na miaka ya mwanzo alikuwa akipiga simu kupitia programu ile kila Jumapili alasiri. Mama yao alivaa nguo yake nzuri akaja dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja wa picha, akaongea na mwanawe kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kamera hakuitazama kamwe. Alisema na kibodi. Mbio alicheka kule aliko mpaka akakohoa.

Kisha simu zikakoma. Mwanzoni Mama Chapa alisema kazi zimembana. Baadaye akasema labda amepata mke wa huko. Baadaye tena hakusema kitu, kwa sababu mama yao alikuwa ameacha kuuliza, na mzee akiacha kuuliza, nyumba nzima inajua kwamba anaumia. Namba ya simu ya Mbio ilikuwa haipatikani tena. Mtu mmoja aliyewahi kukaa naye alisema amehama mji. Mama Chapa naye alikuwa ameibiwa simu, akabadilisha namba. Kikabaki kile kitone.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, mama yao alifariki. Mama Chapa alizika peke yake. Namaanisha peke yake kwa damu, maana majirani walijaa. Alishughulikia kila kitu, jeneza, viti, maji ya kunywa, na watu wakamsifu kwamba ni jasiri, amejikaza. Hakulia. Alikuwa anamngoja mtu wa kulia naye. Usiku ule na siku zote zilizofuata alibeba habari moja isiyo na pa kuipeleka: kuna mtu mahali fulani duniani anayetembea kwa haraka akidhani mama yake yu hai.

Utauliza, basi kwa nini hakumpigia yeye? Hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Mama Chapa alikuwa mtu wa mashine ya kopi. Mashine iliyozimwa, bonyeza mpaka kidole kiote sugu, haitoi karatasi. Kijivu kwake maana yake imezimwa. Kumpigia mtu wa kijivu, au kumwandikia, kulikuwa sawa na kuweka karatasi kwenye mashine isiyo na umeme na kusubiri. Hakuwahi kujaribu hata mara moja. Alichofanya ni kungoja iwake.

Na alingoja kwelikweli. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, ikiwashwa inanguruma hadi wateja wanasogeza viti, lakini hakukubali ibadilishwe. Hata mwenye nyumba alipompa chumba kikubwa zaidi upande wa barabara kuu alikataa, akisema pale hakuna mtandao mzuri. Mtandao ulikuwepo. Aliogopa tu kuhama na kitone kisijue alikohamia.

Habari mbaya ililetwa na fundi wake wa kompyuta. Huyu watu walimwita Msemaji, kwa sababu alifuatilia habari za ile kampuni kubwa ya programu jinsi wengine wanavyofuatilia timu ya mpira, na aliisemea kana kwamba anakaa kwenye bodi yake. Aliingia dukani hajaulizwa kitu, akaanza. "Mwaka huu tumetoa msaidizi mpya wa ndani ya kompyuta, dada. Unamwambia akuandikie barua, anaandika yeye." Ilipopunguza wafanyakazi alisema, "Tumelazimika." Kampuni yenyewe haikuwa inamjua, na angekwenda kwao angeshikwa getini.

"Msaidizi anaandika barua?" Mama Chapa alimuuliza bila kuacha kuchapa. "Mwambie aje akae hapa na wazee wanaotaka kumshtaki jirani kwa ajili ya jogoo. Tuone atavumilia hadi saa ngapi."

"Cheka tu. Halafu tunafunga ile programu ya zamani ya simu. Mwisho wa mwezi huu."

Vidole vikasimama. Mzee aliyekuwa anachapiwa alimaliza sentensi yake, akaona haijaandikwa, akaanza kuirudia pole pole.

"Mnafunga nini?" Mama Chapa aliuliza.

"Ile ya simu. Tumetangaza. Tunasonga mbele na programu mpya."

Ndivyo makampuni yalivyo. Hakuna linalosema linafunga. Yote yanasonga mbele, na sisi wengine tunabaki tumeshika kitasa cha mlango. Mama Chapa alimaliza barua ya mzee wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lile ilitoka na makosa.

Siku zilizofuata alikosa raha. Alikula nusu sahani. Alimjibu mteja mpole kwa ukali na mteja mkali kwa upole. Nyumbani, kwenye vile vyumba viwili alivyokuwa akikaa na mama yake, alijikuta amesimama mlangoni pa chumba cha pili bila kujua alichofuata. Alimkumbuka Mbio kwa namna iliyomtia aibu mtu mzima kama yeye. Alitamani hata ile tabia yake ya kumalizia mwenzake chai na kurudisha kikombe kitupu mezani. Programu ikifungwa, jina litafutika, na Mbio hata akitubu siku moja akamtafuta, atakuta ukuta. Mama yao atakuwa amekufa upande mmoja tu wa dunia, na upande wa pili ataendelea kungojwa na mwanawe.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi alimwita Msemaji. Alikuwa amesikia kwamba akaunti inaweza kuhamishiwa kwenye programu mpya pamoja na majina yake.

"Inawezekana," Msemaji alisema, akivuta kiti. "Ila mwenzako naye awe amehama. Asipohama, utahama na jina tupu."

Akabonyeza huku na huku, akiimba kimya kimya puani. Kisha akaacha kuimba.

"Dada, nani alikuficha?"

"Kunificha wapi?"

"Humu. Akaunti yako imewekwa isionekane. Ukiwa umefungua, wenzako wote wanakuona kijivu." Akasogea karibu na kioo. "Na ni zamani sana. Miaka."

Mama Chapa alikumbuka papo hapo. Kulikuwa na kipindi wanaume wasiojulikana walikuwa wakipiga kupitia programu ile mchana, wateja wamejaa, sauti inatoka kwenye spika: mrembo, habari yako. Siku moja alikuwepo mwalimu mkuu wa shule, amekuja na mitihani yake. Mama Chapa aliona aibu ya mwaka, akamwita fundi, akamwambia afanye afanyavyo amfiche asionekane na wahuni.

"Ulinificha wewe," alisema.

"Uliniambia nikufiche."

"Nilisema wahuni. Na ndugu je? Hata ndugu hanioni?"

"Programu haijui ndugu, dada."

Nje mtu alikuwa anagombana na mlinzi wa ofisi za serikali kuhusu foleni. Mama Chapa alikuwa anahesabu kichwani, si kwa tarehe bali kwa Jumapili: ile ya mwisho Mbio alipopiga, na siku ile ya mwalimu mkuu. Zilikuwa zinakaribiana mno. Basi kaka yake alifungua, akakuta kijivu. Akafungua tena, kijivu. Mwenye duka la kopi alikuwa ameketi hapa amevaa miwani anamngoja, na kule anaonekana amezima.

"Fundi, nijibu polepole," alisema. "Mtu akiwa kijivu, anaweza kuwa yupo?"

"Anaweza kuwa yupo anakutazama."

"Nikimpigia, itaita?"

"Kama ana programu kwenye simu yake, itaita hata ikiwa mfukoni. Si lazima kitone kiwe kijani." Akamwangalia. "Wewe ulikuwa unafikiri haiwezi kuita?"

Msemaji kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na taarifa ya kutoa kwa niaba ya kampuni. Alisema anakwenda kutafuta chai, akamwambia atamletea na yeye, akatoka akitembea kwa ncha za viatu.

Mama Chapa aliweka mshale juu ya jina. Alipiga moyo konde, akabonyeza.

Iliita. Ile sauti ya matone ya maji aliyokuwa hajaisikia tangu siku za mama yake kuja pale na nguo nzuri ikajaa dukani. Ikaita tena. Alikuwa bado anajiambia ataihesabu mpaka ikatike, ikapokelewa.

"Nani?" Sauti nzito kidogo, yenye usingizi. Kisha ikaharakisha. "Mdogo wangu? Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Ni wewe kweli? Ngoja niwashe taa. Ngoja." Vitu vilianguka. "Mimi nikajua mmenichoka. Nilikuwa sijatuma chochote miezi ile, kazi iliisha, nikasema wamekasirika, wamenizimia. Nikaona na mimi nizime, nisionekane ombaomba. Lakini naangalia. Jumapili naangalia. Wewe umezima tu."

"Sikuzima, kaka. Nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapo?"

"Siku zote. Nilikuwa nimejificha, sikujua."

Mbio akacheka, kicheko kilekile cha kukohoa, na Mama Chapa akaushika ukingo wa meza. Alikuwa amekitamani kicheko hicho miaka yote hii, na sasa ilimbidi yeye ndiye akikatishe. Alitaka kukiacha kiendelee kidogo. Akakiacha.

"Hebu nipe mama," Mbio alisema. "Yuko nyumbani? Mwambie Jumapili aje, nimemwekea maneno mengi. Au bado anaongea na kibodi?"

Mama Chapa alikuwa amechapa matangazo ya vifo ya mtaa mzima. Alijua "kwa masikitiko makubwa", alijua "mpendwa wetu", alijua "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Aliyatafuta yote, hakuna lililokubali kutoka.

"Kaka, mama alifariki," alisema. "Mwaka juzi, wakati wa mvua. Nilikutafuta sikukupata."

Mama Chapa akatazama kioo aone kama simu imekatika.

"Mwaka juzi," Mbio alisema.

"Ndiyo."

"Aliniuliza?"

Angeweza kumdanganya hapo. "Aliuliza, kisha akaacha kuuliza," alisema. "Lakini Jumapili alivaa. Mpaka mwisho alivaa, ingawa hatukuja dukani tena."

Mbio alianza kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama walivyolia wote wawili utotoni wakichapwa kwa kosa moja, kwa sauti, kamasi zikitoka. Mama Chapa alikuwa amejiandaa kumbembeleza, na maneno ya kubembeleza alikuwa nayo tele, lakini alipofungua mdomo kilichotoka ni kilio chake mwenyewe, kile alichokikalia tangu makaburini. Aliweka kichwa juu ya ile kibodi na kulia, herufi zikajaa kioo kizima bila maana yoyote, na kule mbali kaka yake akawa anasikia kila kitu.

Msemaji aliporudi na chai mbili alimkuta hivyo. Nyuma yake alikuwepo mteja, mwanamke aliyebeba bahasha, anahitaji kopi haraka kabla ofisi hazijafungwa. Mama Chapa aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja, akawafuata mlangoni.

"Leo tumefunga," aliwaambia. "Tuna msiba."

"Poleni sana, mama," mwanamke alisema, akishusha bahasha. "Umetokea lini?"

Msemaji, aliyebeba viti siku ile ya mazishi, alitazama vikombe vyake.

"Umetufika leo," Mama Chapa alisema. Akapokea chai, akavuta mlango wa chuma, akarudi kukaa na kaka yake.